Chai ya oolong na kupunguza mwili: wasomaji wa Kigoma wanauliza

Maswali tuliyopokea safari hii karibu yote yametoka mkoa wa Kigoma, na karibu yote yanahusu pakiti za chai ya Kichina zinazouzwa kwa ahadi ya kuondoa kitambi. Yaliyofanana tumeyaunganisha. Majina ya waulizaji tumeyaacha, maeneo yao tumeyataja.

Shikamooni wataalamu. Nauza dagaa hapa Kibirizi, nina kilo 94. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna dada anauza chai ya oolong, pakiti 35,000. Anasema ukinywa vikombe vitatu kwa siku unapungua kilo tano ndani ya wiki mbili, na unaendelea kula kama kawaida. Ni kweli? (Mama, Kibirizi)

Marahaba mama. Si kweli, na hesabu yake haihitaji daktari. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kama kalori 7,700. Kilo tano ni kalori 38,500. Gawanya kwa siku 14, unapata 2,750 kwa siku. Akina mama wengi hawali kiasi hicho kwa siku nzima. Maana yake ni kwamba chai hiyo ingepaswa kuunguza chakula chako chote cha siku na kudai nyongeza.

Oolong ni majani ya mchai uleule unaolimwa Mufindi na Rungwe. Kinachotofautiana ni kazi inayofanyika baada ya kuchuma. Chai ya kijani hupashwa moto mapema ili isibadilike rangi, na chai nyeusi huachwa ibadilike yote. Oolong iko katikati: majani hunyaushwa, hutikiswa mpaka kingo zake zichubuke na kuanza kuwa nyekundu, kisha hukaangwa ili mabadiliko yasimame hapo. Baada ya hapo huviringishwa, na aina nyingine huchomwa tena. Zinazojulikana zaidi hutoka Fujian na Guangdong nchini China, na kisiwani Taiwan. Ndani yake mna kafeini na viini vinavyotia ukakasi mdomoni.

Sasa utafiti ambao wauzaji hupenda kuutaja. Mwaka 2001 wanasayansi wa Marekani walipima wanaume 12 waliokunywa oolong kali. Miili yao ilitumia kama kalori 67 zaidi kwa siku kuliko walipokunywa maji matupu. Sehemu ambayo wauzaji huiruka ni hii: wanaume haohao walipopewa maji yaliyotiwa kafeini kwa kiasi kilekile, matokeo yalikuwa karibu yaleyale. Kalori 67 ni vijiko vinne vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa. Kwa hesabu ya mafuta ni kama gramu tisa kwa siku, yaani robo kilo kwa mwezi, na hiyo ni ikiwa mwili hautafidia kwa kukuongezea njaa.

Kuna pia utafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, wa mwaka 2020, nao ulikuwa na wanaume 12. Huo ndio chanzo cha tangazo la "inaunguza mafuta kwa asilimia 20". Ni kweli kwamba mafuta yaliyounguzwa yaliongezeka kwa kiasi hicho, lakini nguvu yote iliyotumika kwa siku haikuongezeka. Mwili ulichoma mafuta zaidi na kupunguza kuchoma wanga, jumla ikabaki palepale. Utafiti mwingine, wa China wa mwaka 2009, uliwapa watu 102 wenye uzito mkubwa gramu 8 za oolong kila siku kwa wiki sita. Wengi walipungua, ila hapakuwa na kundi lisilokunywa chai la kulinganisha nalo, kwa hiyo huwezi kujua kama ni chai au ni yule mtu anayejua kwamba kesho anapanda mizani.

Ukiipenda ladha yake, inunue kama chai. Hiyo 35,000 usiilipie kilo tano ambazo hazimo ndani ya pakiti.

Nilishaanza kuinywa na kilo mbili zimepungua kwa mwezi na nusu. Naweka vijiko viwili vya asali badala ya sukari. Mbona nyinyi mnasema haisaidii? (Dada, Mwanga)

Dada, hatusemi haisaidii. Tunasema inasaidia kwa njia ambayo muuzaji hakukwambia. Tuambie ulikuwa unakunywa nini kabla yake.

Chukua kikombe kikubwa cha chai ya maziwa kama inavyoandaliwa nyumbani kwetu, mililita 250, nusu yake maziwa yasiyotolewa mafuta. Maziwa hayo ni kama kalori 75 hadi 80. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4, kalori 16. Lakini nani huku anasawazisha? Kijiko chenye kichuguu hufika gramu 6 au zaidi, kwa hiyo vijiko vitatu ni kalori 70 na kitu. Kikombe kizima kinafika 150. Vikombe vitatu kwa siku: 450. Vikombe vitatu vya oolong isiyo na kitu havifiki hata kalori 10. Umeacha kalori 440 na zaidi kila siku, wakati kafeini ya chai ilikuwa inakutafutia 67. Hapo ndipo kilo zako mbili zilipoenda, na zingekwenda vilevile kama ungehamia chai ya rangi isiyo na sukari, au maji.

Asali ndiyo inayokurudisha nyuma. Asali ya Kibondo ni nzuri, hatubishani, lakini kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 7 na kalori 21, kuzidi kile kijiko cha sukari kilichosawazishwa. Vijiko viwili kwa vikombe vitatu ni kalori 126 kwa siku, zinazidi kile ambacho oolong inaweza kuunguza hata kwa matokeo bora kabisa ya utafiti. Ipunguze taratibu, nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Mchaichai, karafuu, iliki na tangawizi havina kalori za kuhesabu. Tia upendavyo, ingawa oolong nzuri haivihitaji.

Jihadhari na mtego wa saa nne asubuhi. Aliyezoea chai ya maziwa akihamia chai tupu huwahi kusikia njaa, na chapati moja iliyopikwa kwa mafuta ya kutosha ni kalori 250 hadi 300. Mbili tu zinafuta ulichoacha asubuhi na kuongeza. Afadhali yai la kuchemsha au kiporo cha maharage pamoja na chai hiyo tupu.

Na tafadhali, mpango huu ni wa mtu mzima mwenye uzito uliozidi. Watoto waachieni maziwa yao.

Habari za kazi. Nimenunua oolong, naichemsha sufuriani na maji kama dakika kumi kama chai yetu. Inatoka chungu, haina harufu, na majani yanafura yanajaa sufuria. Nakosea wapi? (Mwalimu, Kasulu)

Mwalimu, unakosea kwenye moto. Majani yetu ya chai husagwa viwandani kuwa chembe ndogo, yanavumilia kuchemshwa pamoja na maziwa. Oolong ni jani zima lililoviringishwa. Ukilichemsha dakika kumi linatoa ukakasi wote kwa mkupuo, na harufu inaondoka na mvuke.

Anza na kipimo: gramu 3 kwa kikombe cha mililita 200 hadi 250. Kama hauna mizani ndogo, tazama umbo. Oolong iliyokunjwa kuwa vidonge vigumu kama punje za mtama mkubwa, kijiko kimoja cha chai kinatosha. Ile ya vipande virefu vilivyosokotwa ni nyepesi sana kwa ujazo, inahitaji vijiko viwili vya chakula. Wengi hutumia kijiko kimoja kwa aina zote mbili, ndiyo maana mmoja analalamika ni chungu na mwingine anasema ni maji ya kunawa.

Maji yachemke peke yake, majani yasiingie kwenye sufuria iliyo motoni. Kasulu mko juu, maji yenu yanachemka kwenye nyuzi 95 au 96. Kigoma mjini, kando ya ziwa, ni kama 97. Oolong ya kahawia iliyochomwa inataka maji hayohayo yanayotokota, yamwagie mara moja. Ile ya kijani kijani, yenye harufu ya maua, inataka nyuzi 85 hadi 90: epua birika, fungua kifuniko, subiri dakika tatu.

Weka majani kwenye birika dogo au jagi, mwagia maji ya moto yafunike tu, hesabu mpaka tano, kisha yamwage. Hatua hiyo inaondoa vumbi na kuamsha vidonge vilivyokaza. Mwagia maji ya pili, funika, dakika tatu, chuja. Majani usiyatupe. Yanafaa mara ya pili kwa dakika tatu hadi nne, na mara ya tatu kwa dakika tano. Gramu tatu hizo zinakupa vikombe vitatu, na wengi wanaoijua chai hii husema cha pili ndicho kitamu kuliko vyote. Anayetumia majani mapya kwa kila kikombe anatupa fedha.

Kufura si kasoro. Kidonge kimoja hufunguka kikawa jani zima, mara nyingine na kikonyo chake, na kwa ujazo huongezeka mara kadhaa. Kwa hiyo kichujio kidogo cha duara cha kuning'iniza hakifai, majani yanabanana humo na ya katikati hayafunguki.

Chupa ya chai ndiyo inayoharibu zaidi. Walimu mnapenda kuijaza asubuhi na kwenda nayo shuleni. Jaza, lakini chuja kwanza; majani yakibaki ndani mpaka saa sita unakunywa ukakasi mtupu. Na kama chupa hiyo ilikaa na chai ya maziwa, isugue kwa maji moto na magadi kidogo, suuza sana, vinginevyo oolong itanukia maziwa ya jana. Sufuria iliyopikiwa supu ya samaki nayo usiitumie kuchemshia maji ya chai hii.

Wachina wenyewe, hasa Fujian na Guangdong, hutumia birika dogo la mililita 120 hivi, majani gramu 5 hadi 7, na kuloweka sekunde 20 hadi 30 tu, mara sita au saba mfululizo. Ni raha kwa aliye na wageni na nafasi. Kwa mtu anayewahi kengele, ile njia ya kwanza inatosha.

Majani yaliyokwisha kupikiwa chai yakilala usiku, yatupe. Kwa joto letu huchacha.

Mbona mimi nikiipika chai hii inakuwa nyeusi na juu kunakaa utando kama mafuta? Pakiti ni ileile aliyonayo ndugu yangu wa Dar es Salaam, yake ni ya rangi ya dhahabu. (Kaka, Ujiji)

Ni maji, kaka. Ziwa Tanganyika lina maji yenye hali ya magadi, kipimo chake cha pH kiko karibu na 9, na madini ya magnesiamu ni mengi. Maji ya namna hiyo hufanya viini vya chai viwe vya rangi nzito zaidi, na madini yakikutana na viini hivyo pamoja na hewa hufanya utando ule na ile alama ya kahawia inayong'ang'ania kwenye kikombe. Hauna madhara. Tatizo ni ladha: harufu inafifia, na mtu anaongeza majani akidhani ni machache, kumbe anaongeza uchungu.

Jaribu hivi. Pika kikombe kimoja kwa maji ya bomba na kingine kwa maji ya chupa, majani sawa, dakika sawa. Utaona tofauti kwa macho kabla ya kuonja. Maji ya chupa kila siku ni gharama, lakini maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua za mwanzo kuosha bati, yakachemshwa, hufanya kazi nzuri mno kwa chai. Bila hayo, chuja chai yako kisha dondosha matone mawili matatu ya ndimu. Rangi inang'aa palepale. Harufu ya dawa ya maji ya bomba hupungua ukiyaacha kwenye ndoo wazi kwa saa kadhaa kabla ya kuchemsha.

Kuna watu wanaoloweka oolong kwenye maji baridi usiku kucha. Inafaa, inatoka laini, lakini kwa maji yaliyokwisha kuchemshwa yakapoa. Maji ya ziwani yasiyochemshwa usithubutu, kipindupindu kinaijua pwani yetu.

Nilitumia chai ya kupunguza mwili ya siku 28, imeandikwa "oolong" kwa mbele. Nilikuwa naharisha kila asubuhi, tumbo linakata, nikapungua kilo tatu. Nilipoacha, kilo zimerudi zote na sasa choo hakitoki. Kuna dawa nyingine wanasema ni kali zaidi. Nijaribu? (Mama, Kibondo)

Usijaribu, mama. Na hiyo uliyotumia haikuwa oolong tu.

Oolong haiharishi. Chai inayokupeleka chooni kila asubuhi karibu kila mara ina majani ya sanamaki, yaleyale yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za asili kwa waliofunga choo. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, saa 6 hadi 12 baada ya kunywewa. Chakula chako kinamaliza kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kabla ya kufika huko. Unachotoa ni maji na chumvi za mwili. Mizani inashuka, mafuta yako palepale, ndiyo maana ukinywa maji siku mbili kilo zinarudi.

Madhara yake ni potasiamu, mojawapo ya chumvi hizo, kupungua, na potasiamu ikipungua sana misuli hulegea na mapigo ya moyo huenda ovyo. Utumbo uliozoea kusukumwa kila siku unaweza kugoma unapoachwa, kama wako ulivyogoma sasa. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango akiharisha sana, vidonge vinaweza kupita bila kufyonzwa vizuri. Kuna watu wametafuta wembamba wakapata mimba.

Geuza pakiti usome nyuma. Chai halisi ina kiungo kimoja tu. Ukiona "Senna" au "Cassia" katika majina ya viungo, hiyo ni ya kuharisha. Kama maandishi ni ya Kichina, linganisha herufi kwa herufi: sanamaki ni 番泻叶, oolong ni 乌龙茶, na za kutoka Taiwan huandikwa 烏龍茶. Neno "wulong" kwa herufi zetu ni chai hiyohiyo ya oolong, lisikutie shaka.

Hizo "kali zaidi" ndizo zinazotutisha. Bidhaa nyingi za kupunguza mwili, zikiwamo chai na kahawa, zimekutwa katika nchi mbalimbali zikiwa na dawa iitwayo sibutramini ambayo haikuandikwa popote kwenye pakiti. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Dalili za kuitilia shaka ni hizi: hamu ya kula inakatika ghafla siku ileile, mdomo unakauka, moyo unapiga mbio, usingizi unakimbia, presha inapanda. Kikombe cha chai ya kweli hakikati hamu ya kula siku nzima. Ukiona hivyo acha, nenda na pakiti kituo cha afya, umwambie mfamasia. Wao wanajua namna ya kutoa taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kwa sasa kunywa maji ya kutosha, kula maharage, mchicha, mapapai na viazi vitamu, tembea, na upe tumbo wiki mbili tatu. Kama unasikia miguu kukosa nguvu au moyo kuruka mapigo, usisubiri wiki hizo, nenda ukapimwe.

Nikila migebuka ya mawese kisha nikanywa oolong ya moto, mafuta si yanakatika? (Baba, Gungu)

Yanakatika mdomoni. Ukakasi wa chai unaondoa ule utelezi kwenye ulimi na kaakaa, mtu anahisi amesafishika. Tumboni mawese yako palepale: kijiko cha chakula kimoja ni kama kalori 120, na mboga ya familia humiminiwa kwa kukisia, si kwa kijiko. Baba, mwombe mama atumie kijiko. Vijiko viwili pungufu kwenye sahani yako vinashinda birika zima.

Nina ujauzito wa miezi mitano, kilo zimeongezeka haraka. Nimeshauriwa oolong. Kliniki wananipa vidonge vya kuongeza damu. (Dada, Uvinza)

Hongera dada, na acha habari ya kupunguza mwili mpaka ujifungue. Uzito wako uujadili na mkunga anayekupima. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza.

Kikombe kimoja cha oolong kwa siku hakikatazwi. Kafeini kwa mjamzito isizidi miligramu 200 kwa siku, na kikombe cha oolong kina kama 30 hadi 50. Hesabu na vingine: kikombe cha kahawa kinaweza kufika 95 au kuzidi, chai ya rangi na soda za kola nazo zinaingia kwenye hesabu.

Linalokuhusu zaidi ni damu. Ukakasi wa chai hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha na kisamvu, na ya vidonge vyako pia, yasifyonzwe. Chai usinywe pamoja na chakula. Subiri saa moja baada ya kula. Kidonge kikae mbali na chai kwa saa mbili, na ukimeze kwa maji au juisi ya chungwa, kamwe si kwa chai. Wapo wanaomeza vidonge hivyo kila siku kwa chai ya rangi kisha wanashangaa damu haipandi. Chai za siku 14 na siku 28 usiziguse, wakati huu na unaponyonyesha.

Nina kisukari, natumia glibenklamidi. Je, oolong inaweza kuchukua nafasi ya dawa? (Mzee, Bangwe)

Shikamoo mzee. Haiwezi, na tafadhali usipunguze dawa kwa ajili yake. Kunywa bila sukari wala asali, haina ubaya.

Ila kuna hatari moja mahususi kwa dawa yako. Glibenklamidi huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala. Watu wanaotaka kupungua huruka mlo na kunywa chai tupu mahali pake. Kwako wewe hilo linaweza kuishusha sukari mpaka ukatetemeka, ukatoka jasho la baridi, ukachanganyikiwa. Ukimeza dawa, kula. Ukitaka kupunguza chakula, mwambie kwanza daktari apime upya kipimo cha dawa. Wanaotumia insulini nao wako hapohapo. Na ukipata dalili hizo, hapo ndipo sukari inaruhusiwa: vijiko vitatu hadi vinne kwenye maji, unywe mara moja, kisha ule.

Kwa wenye presha: kafeini huipandisha kwa muda. Pima kabla ya kikombe na nusu saa au saa moja baadaye. Ikipanda sana kila mara, chai hii si yako.

Naendesha bodaboda usiku, oolong naipenda kwa sababu inanifungua macho. Nikilala alfajiri usingizi hauji. (Kaka, Kakonko)

Nusu ya kafeini hubaki mwilini kama saa tano baada ya kuinywa. Kikombe cha saa tisa usiku bado kimo nawe kwenye saa mbili asubuhi. Cha mwisho kiwe saa tano usiku. Na kwa kuwa mada ni unene: mtu asiyelala vya kutosha husikia njaa zaidi, tena ya wanga na mafuta. Unaweza kuwa unapoteza kwa usingizi kuliko unachopata kwa chai.

Chai ya rangi ya hapa nchini bila sukari haiwezi kufanya kazi hiyohiyo? (Msomaji, Buhigwe)

Inaweza. Kafeini yake ni sawa au zaidi, bei yake ni sehemu ndogo ya ile nyingine, na iko kila duka.

Oolong yangu inanuka dagaa. Imeharibika? (Dada, Katonga)

Haijaoza, imevuta harufu. Majani makavu ya chai hunyonya harufu na unyevu wa chochote kilicho jirani, na jikoni kwa mvuvi jirani huyo ni dagaa. Harufu ikishaingia haitoki. Kuianika juani kunaiua kabisa, maana mwanga na joto huondoa manukato yaliyobaki.

Pakiti mpya igawe siku unayoifungua. Ya matumizi ya wiki mbili iweke kwenye kopo dogo la bati lenye kifuniko kinachobana, nyingine ibaki kwenye mfuko wake wa foili, itolewe hewa kwa kuikandamiza, ifungwe na mpira na kuwekwa chumbani, si jikoni. Chupa ya plastiki iliyowahi kuwekewa viungo haifai. Kijiko kiwe kikavu. Tone moja la maji kwenye kopo hufuga ukungu. Oolong ya kijani hupoteza harufu yake ndani ya miezi kadhaa, kwa hiyo nunua gramu 50 au 100 kwa mara moja. Ile ya kahawia iliyochomwa hustahimili mwaka na zaidi, na kwa mazingira ya kwenu Katonga ndiyo tungekushauri ununue.